Ukoga

Neno ni moja kwa vyote viwili:
kile Daktari Chilongani anachokikwangua menoni mwa watu
na kile kilichopanda kioo cha tangi la samaki
pale mapokezi, Chadulu,
kwenye dirisha linalotazama magharibi
na jua la Dodoma lisilojua kubisha hodi.

Kufikia Septemba samaki walikuwa fununu.
Wagonjwa waliinama, wakaona kijani,
wakarudi vitini wakishika mashavu.
"Sechelela," daktari akaniita,
"kliniki ya meno, na tangi lina ukoga?
Watatucheka hadi Kibaigwa."

Nikaenda Majengo kwa Ndahani,
auzaye samaki kati ya duka la mbegu na fundi redio.
Hakuuliza nina shilingi ngapi.
Aliuliza, "Humo ndani anaishi nani?"

Nikamhesabia. Gapi tisa, mikia kama vitenge vya harusi.
Konokono mmoja, hana haraka wala jina.
Na Mheshimiwa:
wa manjano, asili yake Ziwa Nyasa,
aliyeingia kipindi cha bajeti asitoke tena,
akakalia jiwe la katikati kana kwamba alilipigiwa kura.

Ndahani alicheka, kisha akaacha kucheka.
Ndoo ya kwanza: kamba wa makucha marefu,
rangi ya chai ya mkandaa.
"Huyu hatafuti ukoga. Huyu anakula majirani,
usiku, mmoja mmoja,
asubuhi anakutazama kama hajui lolote."
Ya pili: uduvi wangavu kama kucha,
nukta ubavuni zimepangana kama mshono wa cherehani.
"Hawa vibarua kwelikweli. Ila hawazai humu,
watoto wao hutaka maji ya bahari.
Wakizeeka, ukoo umekwisha."
Ya tatu: wekundu, vipande vya pilipili vyenye miguu.
"Hawa wanayapenda maji yetu haya haya,
yanayoacha ukoko mweupe birikani.
Chokaa hiyo ndiyo nyumba ya mgongo wao.
Lakini mbele ya Mheshimiwa wako, dada,
hawa si wafanyakazi.
Ni kitoweo."

Basi shauri halikuwa uduvi gani.
Lilikuwa nani ahame.

Nilimpenda, sikufichi.
Kila asubuhi nikifungua mlango alikuja kiooni,
nami nikamwambia mbukwa, kabla ya mtu yeyote.
Nikambeba kwa dumu la lita tano, bodaboda ikienda polepole,
nikarudi na uduvi kumi na tano
na fungu la kigoga wajifiche.

Maji niliyalaza ndooni usiku kucha, dawa ya bomba iruke.
Chupa ya dawa ya samaki, yenye shaba, nikaitupa:
inayomponya gapi ndiyo inayomuua uduvi.

Siku ya nne nikakuta maiti mbili, nyeupe.
Nililia kidogo, stoo, kati ya maboksi ya glavu.
Kisha nikaziinua kwa kibanio. Zilikuwa tupu.
"Wamejivua gamba," daktari akasema bila kuinua macho.
"Mji huu, unashangaa nini?"

Kioo hakikutakata chote, nisikudanganye.
Ule utando laini waliumaliza.
Vidoa vigumu vya chini hawakuvigusa;
nilivikwangua mwenyewe, kwa kadi ya benki iliyokwisha muda.
Nikatundika pazia.
Nikapunguza chakula,
maana nusu ya ukoga ule ulikuwa ukarimu wangu.

Jana aliletwa mtoto kutoka Mpwapwa, Mbeleje,
shavu limevimba, mdomo amefunga kama mlango wa benki.
Alisimama tangini muda mrefu.
Uduvi watatu walikuwa mgongoni mwa konokono.
"Wanamng'oa?"
"Wanampiga mswaki."
Akafikiri. Hakufungua mdomo kwa daktari, hapana,
alifungua tu kuniuliza tena:
"Na hapa juu ya jiwe, ni pa nani?"

Palikuwa na uduvi mmoja,
mdogo kuliko wote niliowanunua,
anadonoa, anadonoa,
vidole vinakwenda mdomoni
kama mtu anayehesabu chenji yake ya mwisho.